Ulichoniuliza kuhusu Salif Keita

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: "Mama, yule Salif Keita uliyenilea kwa nyimbo zake amekuwa mtu wa wanajeshi kule Mali. Bado unampenda?" Jibu lake si la kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikukumbushe aliingiaje nyumbani mwetu. Mwaka 2008 ulikuwa na miaka tisa. Huku Kanda ya Ziwa redio zilikuwa zikituletea habari za watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo, eti viungo hivyo vinaleta utajiri. Jua likielekea kuzama nilikuwa nakuingiza ndani na kufunga mlango kwa komeo, nawe ukilia kwa sababu wenzako bado wanacheza uwanjani. Siku moja nikiwa sokoni Mwanza nikaona kwa muuza kanda picha ya mwimbaji mwenye ngozi kama yako. Niliinunua kabla sijauliza anaimba nini.

Anaimba Kibambara, na hatukuelewa neno hata moja. Wewe ulichukua ile karatasi ya kanda ukaitazama muda mrefu, halafu ukauliza, "Mama, huyu ni mzee?" Nikakujibu ndiyo, ni mzee. Ulikuwa hujawahi kumwona mtu wa rangi yako aliyezeeka. Mwanangu, hata angekuwa anaimba majina ya samaki, ningekupigia kanda ile kila jioni.

Baadaye ndipo nikamtafuta kwenye vitabu na magazeti. Alizaliwa mwaka 1949 Djoliba, kijiji cha kando ya mto Niger, katika ukoo wa Keita, uzao wa Sundiata aliyeasisi dola ya Mali karne ya 13. Kwa Wamandinka kazi ya kuimba ina wenyewe, wale wanaoitwa jeli, wanaorithishana toka babu hadi mjukuu. Keita ni wa kuimbiwa, haimbi. Kwa hiyo huyu alibeba mawili: ngozi iliyoonekana ni mkosi, na kazi iliyoonekana ni aibu kwa ukoo. Na hata muziki haukuwa chaguo lake la kwanza. Alitaka kuwa mwalimu, macho yakamkatalia. Niliposoma hapo nililia, maana mwaka uleule mwalimu mmoja alikuwa ameniambia wewe ni mzito wa kuelewa, kumbe ulikuwa huoni ubao.

Akaenda Bamako, akaimba kwenye baa, kisha akachukuliwa na Super Rail Band, bendi ya shirika la reli iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli ya stesheni. Mwaka 1973 akahamia Les Ambassadeurs. Abidjan, halafu Paris, na mwaka 1987 albamu ya Soro ikampeleka dunia nzima. Hayo unaweza kuyasoma popote, sitakuchosha.

Sasa hilo la wanajeshi. Wewe limekushtua, mimi halikunishtua sana, kwa sababu lina mizizi. Wimbo uliomjengea jina Afrika Magharibi ni "Mandjou" wa mwaka 1978, na ni wimbo wa kumsifu Sékou Touré, rais wa Guinea aliyempa nishani. Miaka hiyohiyo watu walikuwa wakifia Camp Boiro, gereza la utawala wake huko Conakry. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2020 kule Mali, Salif alikubali kiti katika baraza la mpito. Mwaka 2023 alijiuzulu, lakini muda si mrefu akawa mshauri wa Assimi Goïta, kiongozi wa mapinduzi yaleyale. Naona amekosea, wakati ule na sasa. Waliofia Camp Boiro nao walikuwa na mama zao, na sauti kubwa kama ile haikuwalilia.

Hata hivyo sitaki unifutie mengine yote. Aliunda taasisi ya kuwasaidia wenye ualbino, na mwaka 2009 akatoa albamu ya La Différence, akaliimba jambo hili waziwazi. Kilichonigusa kuliko vyote ni cha mwaka 2018. Katika mji wa Fana, huko kwao Mali, mtoto wa kike wa miaka mitano mwenye ualbino aliuawa. Salif alikwenda kufanya onesho lake Fana penyewe, akaizindulia huko albamu ya Un Autre Blanc. Angeweza kubaki Bamako au Paris akatoa tamko. Yeye alisimama akaimba mbele ya watu wa mji ule ambao mtoto alichinjwa kati yao. Mwaka 2008 niliomba usiku na mchana atokee mtu mkubwa aje afanye hivyo vijijini kwetu.

Na usimsahau binti yake, Nantenin, naye ana ualbino. Unakumbuka tulipomtazama akiichukulia Ufaransa dhahabu ya mita 400 za wenye uoni hafifu, Rio, mwaka 2016? Wewe ulitaka kujua anapaka mafuta gani ya jua. Mimi nilikuwa nawaza alivyolelewa na baba asiyemficha.

Basi ndiyo, bado nampenda, na kwa hilo la watawala namlaumu. Nayabeba yote mawili.

Mwaka 2025 ametoa albamu nyingine, So Kono, karibu yote ni sauti yake na gitaa. Kaka yako ameniwekea kwenye simu. Sauti imechakaa kidogo, ya mzee kweli sasa. Naisikiliza jioni nikichagua mchele hapa sebuleni, mlango nimeuacha wazi, na watoto wa jirani wanacheza uwanjani hadi giza linaingia.

Mama yako