Mkoba wa sungura: shona uso kwanza

Mkoba wa kwanza niliomshonea mpwa wangu ulikuwa wa sungura, na nilipougeuza, sungura hakuwa na masikio. Yalikuwa ndani ya mfuko, yameshonwa imara kabisa. Niliyapanga yakielekea juu, vile sungura anavyoyasimamisha, nikasahau kwamba kinachoshonwa kwa ndani hugeuka. Nilifumua nusu ya mshono usiku ule. Tangu hapo nimeshona paka, dubu na bundi, na jambo ninalomsisitizia kila anayetaka kuanza ni hili: mmalize mnyama vipande vikiwa bado vimelala bapa mezani, ndipo uunganishe mkoba. Mfuko ukishafungwa, kudarizi jicho ni kujichoma vidole tu.

Umbo lisikusumbue. Duara linatosha kwa karibu kila mnyama. Masikio ndiyo yatakayosema huyu ni nani. Marefu ni sungura, ya pembetatu ni paka, madogo ya mviringo ni dubu. Mimi huchora duara la sentimita 20 kwenye karatasi, ambamo sentimita 1 pembeni ni ya mshono, hivyo mkoba hutoka na upana wa sentimita 18. Chagua pamba nzito kidogo, au jinzi nyepesi, na bitana ya pamba laini. Fua vyote viwili na kuvipiga pasi kabla ya kukata. Pamba hurudi ikilowa, na kama nje itarudi na bitana isirudi, uso wa mnyama utajikunja siku ya kwanza kufuliwa.

Sasa uso, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kunja duara la mbele katikati ili upate mstari, kisha kata macho ya karatasi uyasogeze huku na huku. Ukiyaweka juu ya mstari, mnyama anaonekana mzee na mkali. Yashushe kidogo chini ya mstari, yatenganishe, na pua iwe karibu nayo: ghafla una mtoto wa sungura. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika kuhusu sifa hizi hizi, kichwa kikubwa, paji pana na macho makubwa yaliyokaa chini, kwamba ndizo zinazotufanya tumwone kiumbe kuwa mtoto na kumwonea huruma. Nilikuwa nimeshalijua hilo kwa vidole kabla sijalisoma. Simama mbali, tazama, sogeza tena. Ukiridhika, weka alama kwa chaki ya fundi.

Kama mkoba ni wa mtoto aliye chini ya miaka 3, usitumie vifungo wala shanga kwa macho. Vinang'oka, na mtoto huvipeleka mdomoni, anaweza kupaliwa. Darizi macho kwa uzi, au kata felti, kwa kuwa haichanuki nyuzi pembeni, uishone kuzunguka. Kwa sababu hiyo hiyo ya usalama, mtoto mdogo simwekei mkanda mrefu wa kuvaa shingoni. Kishikio kifupi cha mkononi kinamtosha.

Masikio yanataka vipande vinne. Kata kitambaa kikiwa kimekunjwa uso kwa uso, ili sikio la kulia na la kushoto yafanane. Shona kila jozi ukiacha chini wazi, punguza kitambaa kwenye ncha, geuza, piga pasi. Manyoya bandia yana mwelekeo wake: yalale kuelekea chini, na uyakate kutoka upande wa nyuma wa kitambaa ukitumia ncha ya mkasi tu, usije ukanyoa manyoya yenyewe.

Zipu niliihamishia nyuma baada ya kuhangaika nayo juu, mahali masikio na zipu hugombania nafasi na cherehani hushindwa kupita. Duara la nyuma likate vipande viwili, theluthi moja kutoka juu, ukiongeza sentimita 1 kila upande wa mkato. Tumia zipu ya plastiki ndefu kuliko upana wa mkoba, ya sentimita 25 hivi. Ukishaishona, vuta kichwa chake hadi katikati ndipo ukate ncha zinazozidi. Ukikata ncha wakati kichwa kiko pembeni, kitachomoka mkononi.

Bitana mimi huilaza nyuma ya kila kipande kabla ya kushona zipu na kuipigia bandi, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu, kisha naichukulia kama kitambaa kimoja. Fundi atakayechungulia ndani ataona mishono, lakini ukiimaliza kwa zigizaga haitachanuka, na kwa mkoba wa kwanza njia hii inakupa nafasi ya kufurahia kazi.

Kisha weka kipande cha mbele, uso ukikutazama. Laza masikio juu yake, ncha zikielekea chini kwenye pua, sehemu zilizo wazi zikilingana na ukingo wa juu. Yapige bandi. Kishikio nacho kiingie humo humo pembeni, kitanzi kikielekea ndani. Fungua zipu zaidi ya nusu, maana hapo ndipo utakapougeuzia mkoba, halafu funika kwa kipande cha nyuma, uso kwa uso. Weka sindano namba 90 na hatua ya milimita 2.5, uzunguke polepole. Penye masikio tabaka ni nyingi; zungusha gurudumu kwa mkono hadi uvuke, nawe rudia mshono mara mbili hapo, kwa sababu mtoto atambeba sungura wake kwa masikio.

Kata vinotshi, yaani vipengo vidogo, kuzunguka ukingo wa duara bila kugusa mshono, pitisha zigizaga, ingiza mkono kwenye zipu na uvute masikio kwanza.