Seva ya kuigiza isiyokataa kitu

SWALI: Habari mwalimu. Mimi na mwenzangu tuko Mbale, tunatengeneza mfumo wa wavuti wa SACCO ya wakulima wa kahawa kwa React na Vite (zana za JavaScript za kujengea kurasa za wavuti). Yeye ndiye wa seva na bado hajaanza. Mimi nimeandika orodha ya wanachama humohumo kwenye kurasa, na kitufe cha kulipa kwa simu kinasubiri sekunde moja kisha kinaandika "Malipo yamefanikiwa". Kila kitu kinafanya kazi. Je, hii inatosha mpaka seva iwe tayari?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Na kilichonishtua ni hayo maneno "kila kitu kinafanya kazi", maana nayasikia kila wiki. Ukurasa wako haujawahi kuomba kitu ukanyimwa. Umechora picha ya mfumo, basi.

Chukua hicho kitufe. API ya MTN MoMo, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba malipo ya simu ya MTN, ikiombwa mteja alipe, haijibu kwamba amelipa. Inajibu 202, yaani ombi limepokelewa, na jibu lenyewe ni tupu. Inabidi kurudi na namba ya rejea kuuliza hali, nayo inakuwa PENDING (bado inasubiriwa), halafu SUCCESSFUL (imefanikiwa) au FAILED (imeshindikana). Ni kweli atakayeongea na MTN ni seva ya mwenzako, kwa sababu funguo za siri hazikai kwenye kivinjari. Lakini huko kusubiri kutakufikia wewe. Mama yuko shambani Bududa anatafuta miwani aweke PIN, na skrini ya karani inaonyesha nini wakati huo? Kwako inaonyesha amelipa.

Kwa hiyo kaeni pamoja kwanza, hata kabla mwenzako hajaandika mstari mmoja, mkubaliane anwani na umbo la kila jibu: GET (kuomba data) /api/wanachama inaleta nini, POST (kutuma data) /api/malipo inapokea nini. Shilingi yetu haina senti, kiasi kiwe 50000 na si "50,000.00". Sarafu nayo isiandikwe kwa mkono kwenye kila ukurasa, kwani mazingira ya majaribio ya MoMo hutumia EUR.

Kisha toa data yote kwenye kurasa. Ziombe kwa fetch, amri ya kivinjari ya kuomba data, kana kwamba seva ipo, na majibu yatoke kwa Mock Service Worker, ambayo huyakamata maombi ndani ya kivinjari kabla hayajatoka. Sakinisha msw, endesha `npx msw init public/`, majibu yako yakae src/mocks/handlers.js. Kwenye main.jsx subiri worker.start(), amri inayoiwasha Mock Service Worker, imalize ndipo uchore programu. Usiposubiri, maombi ya kwanza yanaweza kupita hadi kwa Vite, ambayo kwa anwani isiyoijua hurudisha ukurasa wa index.html yenye 200 (yaani "sawa") badala ya data, nawe utashinda mchana kutwa na kosa linalolalamikia alama ya "<". Ukijaribu kwa simu kupitia 192.168 fulani bila HTTPS, haitakamata kitu: inahitaji localhost au HTTPS.

Hapo ndipo kazi inaanza, na ndipo mafundi wa video za dakika kumi wanapowaacha. Kila anwani iwe na kukataa kwake: 401 (hujaingia kwenye akaunti) karani akiwa katikati ya fomu, 500 (seva imeharibikiwa), orodha tupu, jibu linalochelewa sekunde nane, na mtandao kukatika kabisa kwa HttpResponse.error(). Malipo yajibu PENDING mara mbili, ya tatu FAILED. Ukishaona skrini yako inavyobabaika hapo, utajua bado una kazi kiasi gani.

Nasema kwa ukali kwa sababu kuna watu wanaouza picha hizo. SACCO moja iliniita baada ya kulipia "mfumo kamili". Kompyuta ya mhasibu ilionyesha wanachama 40, ya meneja 37. Wakadhani kuna mwizi. Nilibonyeza F12, inayofungua zana za ukaguzi za kivinjari: data yote ilikuwa kwenye localStorage, hifadhi ya ndani ya kivinjari chenyewe, kila kompyuta na daftari lake, na nywila ya msimamizi imeandikwa wazi ndani ya faili la JavaScript. Fundi alikuwa ameigiza seva akaishia hapo, na simu yake haipatikani tena.

Siku ya kukabidhi kazi, SACCO yoyote inaweza kupima bila kujua kompyuta. Mwanachama asajiliwe kwenye simu moja, atafutwe kwenye simu nyingine. Halafu zima data, bonyeza lipa. Skrini ikiandika "Malipo yamefanikiwa", msitoe awamu ya mwisho ya pesa.