Jibu: Je, somo la Uraia linatosha kumfunza kijana demokrasia?

Shikamoo mwalimu. Umeuliza kama somo la Uraia linatosha kuwajengea wanafunzi wako wa Arusha moyo wa demokrasia. Kwa maoni yangu halitoshi, likiishia ubaoni. Mwanafunzi anakariri mihimili mitatu ya dola, anapata A, halafu kiranja wake anateuliwa na walimu ofisini. Hapo kajifunza nini?

Anza na uchaguzi wa viranja. Wagombea wajieleze, kura iwe ya siri, zihesabiwe mbele ya wote. Na mshindi asiwe wa kushika fimbo tu (shule nyingi zimekwama hapo), aulizwe maswali hadharani.

Tena nyie mna bahati ambayo sisi wa Moshi hatuna: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapohapo kwenu. Mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka Mkataba wa Afrika kwa kuzuia wagombea binafsi, yaani wasiosimamishwa na chama. Wape kidato cha tatu wafanyie mdahalo: nusu waitetee serikali, nusu waipinge, kisha wabadilishane pande. Kulazimika kutetea hoja usiyoiamini kunamfundisha kijana kuvumilia wapinzani kuliko notisi zote za daftarini.

Waliotimiza miaka 18 wahimize kwenda mikutano ya mtaa, waulize mapato na matumizi. Wenyeviti wengine hawapendi maswali ya vijana, lakini waende tu.