Saa zimekatwa, wateja ni wale wale

Kuanzia tarehe 18 Desemba 2020, hapa Goma na Kongo (DRC) nzima watu walikatazwa kutoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya corona. Mengi mliyotuuliza wakati huo yalikuwa ya sokoni na dukani.

Nina butike (duka dogo) Ndosho, mtaa wa Goma. Siku hizi nafunga mapema, lakini saa ya mwisho watu wanajaa mpaka mlangoni. Nifunge mapema zaidi?

Hapana, Papa. Ukikata saa, wateja hawapungui, wanabanana. Tuseme watu 240 wananunua kwako kwa siku. Ukiwa wazi kwa saa 12, wanaingia 20 kila saa. Ukiwa wazi kwa saa 6, wanaingia 40, na chumba ni kile kile. Tena hawaji kwa usawa. Wengi hapa Goma wanakula pesa ya siku hiyo hiyo: mwendesha moto (pikipiki ya abiria) na msukuma chukudu (kigari cha mbao cha mizigo) hawana cha kununulia unga kabla ya jioni. Jioni ndipo wanapokuja, upende usipende. Kama wafanyakazi wako wanahitaji kupumzika, funga mchana kukiwa kimya, ufungue jioni, ukiwaachia muda wa kufika kwao kabla ya saa tatu. Unga, sukari na chumvi vipimwe na kufungwa mapema, ili mteja asikae. Na uuzie mlangoni. Foleni ndefu barabarani ni afadhali kuliko watu kumi ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Nina miaka 67 na kisukari. Niende soko la Virunga saa ngapi?

Mama, mtume mjukuu. Kama hayupo, muulize muuzaji wako saa yake ya utulivu, uvae barakoa, ununue cha siku kadhaa.

Wakati wa Ebola tulinawa mikono kila mlango. Mbona sasa haitoshi?

Mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa Goma alithibitishwa tarehe 14 Julai 2019, na ndoo za klorini zikajaa mjini. Ebola hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, kwa hiyo kunawa mikono kulisaidia sana. Hata hivyo, chanjo na kuwafuatilia waliomgusa mgonjwa vilifanya kazi kubwa pia. Corona inasafiri hewani. Mtu anaitoa akiongea, hata kabla hajajisikia vibaya, na kipimajoto cha mlangoni hakitamwona. Endeleeni kunawa, lakini ukishanawa kisha ukasimama bega kwa bega ndani kwa muda mrefu, umekinga mikono tu. Barakoa ifunike pua, na milango iachwe wazi.

Nauza sambaza (samaki wadogo) Kituku, soko la kando ya Ziwa Kivu. Mitumbwi ikifika tunakimbilia sote. Mita moja ya kuachana tutaipata wapi?

Dada, siwalaumu. Sambaza zinavuliwa usiku, na bila barafu haziwezi kusubiri. Hewa ya ziwa inawasaidia. Hatari ni kubanana uso kwa uso mkipigania bei kwa sauti. Chagueni wachache wapokee kwa niaba ya wote, oda zitolewe kwa simu tangu jioni, wengine wasubiri juu na mabeseni yao. Viongozi wa soko wangeanza na hilo. Kuwafukuza akina mama kunawarundika kona nyingine tu.

Noti chafu zinaleta corona?

Hatari yake ni ndogo kuliko pumzi ya mtu aliye karibu. Usilambe kidole ukihesabu, na unawe ukimaliza.