Premio au X-Trail, Tanga hadi Mwanza kisha kuuza

Mkuu, umeuliza uchukue gari lipi, Toyota Premio au Nissan X-Trail, la kwenda nalo Mwanza na familia kisha uliuze mwakani. Mimi ningechukua Premio. X-Trail ina nafasi na imeinuka, sikatai, ila ikiwa na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) wanunuzi wengi wanaiogopa, na mafundi wanaoijua njiani ni wachache.

Ila siyo Premio yoyote. Tafuta ya cc 1500, injini ya 1NZ: inatumia cheni ya taiming, siyo mkanda, na spea zake zimejaa kwa sababu ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye Toyota IST. Ya cc 2000 yenye D-4 (injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) iache, ukijaza mafuta machafu nozeli zake zitakutesa.

Sasa kubwa zaidi, kutu. Gari lililolala miaka Raskazone, pale ufukweni Tanga, limekula upepo wa chumvi. Mimi niliwahi kununua lililong'aa kama kioo, kufunua kapeti nyumbani nikaona lami! Lipandishe kwenye shimo la gereji, ingia chini na tochi.

Mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, usikie linavyoamka likiwa baridi. Halafu lipeleke Mombo, ulipandishe mlima wa Lushoto huku unatazama mshale wa joto. Likichemka pale, mlima Sekenke ulio njiani kwenda Mwanza hulifikishi.

Kadi ya gari isomeke jina la anayekuuzia, uangalie na faini za trafiki. Rangi chukua nyeupe au silva. Ile zambarau uliyoweka picha utakaa nayo sana bila mnunuzi.