Chembe Iliyoonekana, Kisha Ikapotea

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisoma kwamba mwishoni mwa mwaka 2015 wanafizikia wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, walitangaza dalili za chembe mpya nzito sana, na miezi michache baadaye ikaelezwa kwamba chembe hiyo haipo. Je, walikosea hesabu? Na inawezekanaje protoni izae kitu kinachoizidi uzito mara mia nane?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na swali la pili. Katika LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha protoni uliomo ndani ya handaki lenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwaka huo kila protoni ilibeba nishati ya gigaelektronivolti 6,500 (kipimo cha nishati kinachotumika pia kupimia tungamo, yaani ule “uzito” unaouulizia), ilhali tungamo lake ikiwa imetulia halifikii hata gigaelektronivolti moja. Protoni mbili zinapogongana, sehemu ya nishati ya mwendo hugeuka kuwa tungamo, kama Einstein alivyoonyesha. Nasema sehemu, kwa sababu protoni imeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwarki na gluoni, na kwa kawaida vipande vinavyokutana huwa vimebeba mgawo mdogo tu wa nishati yote. Ndiyo maana chembe nzito, hata kama ipo, huzaliwa kwa nadra.

Chembe ya namna hiyo huvunjika papo hapo, na kinachopimwa ni masalia yake. Masalia yakiwa ni fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, nishati zake na pembe iliyo kati yake hutosha kukokotoa tungamo la kitu kilichozizaa, ikiwa kweli zilitoka kwenye kitu kimoja. Jozi nyingi hutokana na matukio ya kawaida, na zikipangwa kwenye grafu hutoa mstari unaoteremka taratibu. Chembe mpya hujitokeza kama kinundu juu ya mteremko huo. Chembe iitwayo bosoni ya Higgs ilipogunduliwa mwaka 2012, kinundu cha fotoni kilikuwa karibu na gigaelektronivolti 125.

Tarehe 15 Desemba 2015, makundi mawili ya wanasayansi wa LHC, ATLAS na CMS, ambayo kila moja lina kigunduzi chake, yalionyesha kinundu karibu na gigaelektronivolti 750. Kwa ATLAS kilizidi matarajio kwa sigma 3.6 (sigma ni kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na yale ambayo bahati tupu ingetoa), kiasi kinachoshawishi ukitazama mahali hapo peke yake. Lakini shule nzima ikirusha sarafu, si ajabu mwanafunzi mmoja kupata vichwa mara kumi mfululizo. Na ATLAS walipozingatia sehemu zote za grafu ambako kinundu kingeweza kuzuka kwa bahati, sigma 3.6 ilishuka hadi 2 hivi. Desturi ya fani hii ni kutotamka neno ugunduzi kabla ya sigma 5, ambapo bahati tupu ingetoa matokeo hayo mara moja tu katika takriban majaribio milioni 3.5.

Kwa hiyo hesabu haikukosewa, na makundi hayo hayakudai ugunduzi. Waliotangulia mbele ya ushahidi, kwa maoni yangu, ni wananadharia walioandika mamia ya makala kuifafanua chembe ambayo haijathibitishwa, ingawa siwalaumu sana, kwa kuwa kukisia ndiyo kazi yao. Agosti 2016, katika mkutano wa Chicago, data mpya karibu mara nne ya zile za awali ziliwasilishwa, na kinundu hakikuwepo tena.

Utafutaji unaendelea, na tangu mwaka 2022 nishati ya mgongano imepandishwa hadi gigaelektronivolti 13,600. Chembe ya msingi iliyo nzito kuliko zote zilizothibitishwa bado ni kwarki iitwayo topu, yenye takriban gigaelektronivolti 173, iliyogunduliwa katika maabara ya Fermilab nchini Marekani mwaka 1995.