Bunduki nyepesi inayotawanya risasi: kosa ni la darubini au la mtutu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya bolti (komeo unalovuta kwa mkono kupakia risasi), ya kipimo cha .308, nyepesi, mtutu mwembamba, kitako cha mbao, na vibali vyake vyote ninavyo. Nimefunga darubini mpya nikaenda nayo uwanja wa shabaha, mita 100. Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja, unazifunika kwa kiganja bila shida. Nilipoendelea kupiga, zikaanza kupanda juu na kuhamia kulia. Nikazungusha darubini hadi zikarudi katikati. Kesho yake asubuhi risasi ya kwanza ikapiga chini kushoto! Darubini ni mbovu? Halafu shemeji yangu aliye Ulaya ananiambia niachane na bolti, nitafute ya nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe kila unapopiga), eti haina teke, yaani haisukumi bega kwa nguvu. Unanishauri nini? (Msomaji, Liwale)

JIBU: Marahaba. Usiirudishe darubini dukani. Kwa maelezo yako, darubini imefanya kila ulichoiambia, ila wewe umeiwekea ziro (kulinganisha darubini na mahali risasi inapotua) ya mtutu wa moto, na porini utapiga kwa mtutu wa baridi.

Mtutu mwembamba hupata joto haraka, na chuma kikipata joto hutanuka. Kama haukutanuka sawasawa pande zote, au kama kuna mahali unagusa mbao ya mbele, mdomo wake unasogea kidogo sana, usiloweza kuliona kwa macho, lakini kwenye mita 100 kidogo hicho ni sentimita kadhaa. Bunduki nzito za mashindano zina mtutu mnene unaovumilia risasi nyingi mfululizo. Yako imepunguzwa chuma ili usichoke kuibeba kutwa nzima. Haikutengenezwa kupiga risasi kumi bila kupumzika, na mwindaji haihitaji ifanye hivyo. Mbawala hatakusubiri upige ya tano.

Kwa hiyo kabla hujagusa darubini tena, kagua mbao. Hakikisha bunduki ni tupu: toa bolti, chungulia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa). Chukua noti ya shilingi elfu, ipitishe kati ya mtutu na mbao ya mbele, uivute kuelekea kwenye chemba. Ikipita laini mpaka karibu na chemba, sawa. Ikikwama upande mmoja, mbao inausukuma mtutu, na joto likizidi ndipo msukumo unapozidi. Huku kwetu kusini jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbao inakunywa unyevu. Ile iliyokaa vizuri Julai, hewa ikiwa kavu, Februari mvua zikikolea inaweza kuwa imevimba. Bunduki inayohifadhiwa Mikindani au Lindi mjini, karibu na bahari, ina taabu hiyo pamoja na kutu ya chumvi. Kuikwangua mbao kidogo pale inapogusa na kuipaka vanishi ni kazi ndogo, lakini mpe fundi mwenye leseni, kwa sababu ukikwangua isipotakiwa huwezi kuirudisha. Zipo bunduki ambazo kiwanda chenyewe kimeacha mbao iguse mtutu karibu na mdomo kwa makusudi. Fundi ataitambua, atakuambia uiache.

Kisha skrubu. Zile mbili zinazoshika chuma kwenye mbao, na zote za vishikio vya darubini. Kwenye pete za darubini nguvu inayotakiwa ni ndogo, kama nyutoni-mita 2, tena fuata karatasi ya mtengenezaji. Watu wengi wanakaza kwa hasira mpaka bomba la darubini linabonyea.

Sasa rudi uwanjani. Nenda asubuhi, kabla jua halijawaka, maana mchana mvuke wa joto unaifanya shabaha icheze ndani ya darubini. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu. Mafuta unayopaka kuzuia kutu yakibaki humo, risasi ya kwanza huenda inakotaka yenyewe, nawe utadhani ziro imehama. Weka mbao ya mbele juu ya mfuko wa mchanga. Usiegemeze mtutu wenyewe juu ya kitu chochote, na mkanda usiukaze ukauvuta.

Anza mita 25 ili upate karatasi, kisha mita 100. Piga risasi tatu, usiguse darubini, fungua bolti, weka bunduki kivulini mpaka mtutu ukiugusa kwa mkono husikii joto. Kwenye joto la Liwale hiyo inaweza kuchukua nusu saa, kunywa chai. Rudia mara mbili au tatu juu ya karatasi ileile. Hapo una matundu yote ya mtutu wa baridi, na katikati ya matundu hayo ndiko bunduki yako inakopiga kweli. Hesabu kutoka hapo, si kutoka kwenye tundu moja lililokuudhi.

Hesabu yenyewe ni hii. Darubini nyingi zimeandikwa 1/4 MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe) kwenye kizungushio: kila kliki, yaani mlio mmoja wa kizungushio, inasogeza risasi kama milimita 7 kwenye mita 100. Nyingine zimeandikwa sentimita 1 kwa mita 100. Tuseme matundu yako yako sentimita 6 kushoto na 4 chini. Kwa 1/4 MOA ni kliki 8 au 9 kulia na kliki 6 juu. Kwa darubini ya sentimita ni 6 na 4, basi. Kwenye mita 25 kliki ileile inasogeza robo tu, kwa hiyo utazungusha mara nne zaidi. Wengi wanasahau hapo, wanamaliza boksi la risasi bure.

Na boksi lenyewe liwe la aina moja. Risasi ya greni 150 na ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) haziendi pamoja, hata kama zote ni .308 na zote zinaingia chemba. Chagua moja, iwekee ziro, uwinde nayo.

Hujaniuliza umbali, ila nitakujibu: iache ziro mita 100. Ukiwa na risasi ya greni 180, kwenye mita 200 itashuka takriban sentimita 12 au 13, na kwenye miombo ya Liwale au ya Lukwika-Lumesule ni mara chache utaona mnyama wazi mbali hivyo. Anayeweka ziro mita 200 kule anatafuta sifa tu.

Kuhusu shemeji, hajakudanganya juu ya teke. Bunduki inayotumia gesi ya risasi kujipakia, kama BAR ya Browning, kweli inalipunguza bega mzigo. Ulaya wanazipenda kwenye misako ya nguruwe mwitu, na katika nchi kadhaa za kule magazini imewekewa kikomo cha risasi mbili. Lakini hapa Tanzania uwindaji wa nusu-otomatiki hauruhusiwi, kwa hiyo hoja inaishia hapo. Na isingekutibu: mtutu mwembamba unaopiga haraka unapata joto haraka zaidi. Teke lako tulipunguze kwa mpira mnene kwenye kitako. Kama unahisi unafumba macho kabla ya mlio, mwambie mwenzako akuwekee risasi ya mazoezi isiyo na baruti bila kukuambia. Mdomo wa mtutu ukichovya chini wakati hakuna kilicholipuka, tatizo ni bega lako.

Haya yote ni ya uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma. Nasikia watu wanajaribu bunduki kwenye mashamba ya mikorosho kwa kuwa "hakuna mtu". Risasi ya .308 huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na kuanzia Oktoba chini ya kila mkorosho kuna mama anaokota korosho.

Ukishamaliza, andika kwenye karatasi aina ya risasi, umbali, na namba iliyopo kwenye vizungushio, uibandike ndani ya sanduku la bunduki. Barabara ya kwenda kwenye kitalu cha uwindaji itaitikisa darubini hiyo kwa saa nyingi. Ukifika kambini, omba ruhusa ya ofisa wanyamapori upige risasi moja tu ya mtutu wa baridi kwenye karatasi. Ikitua pale pale, safisha, funika. Ikitua pembeni, kagua skrubu kwanza, kliki baadaye.